Ile Nyekundu Huenda Peke Yake

Nywele zangu zimerudi, ila zilizorudi si zile zilizoondoka. Za zamani zilikuwa nyeusi na ngumu. Hizi ni laini kama za mtoto wa miezi sita, tena zina mvi ambazo sikuwa nazo. Mke wangu Mujing husema nimepewa nywele za mtu mwingine kwa makosa, na mwenyewe atakuja kuzidai. Mimi nazichana hivyo hivyo.

Ninaandika kwa ajili ya yule aliyeketi leo asubuhi kwenye benchi la hospitali, karatasi mkononi, akingoja kuitwa jina. Sitakufundisha ugonjwa. Mimi si daktari. Nilikuwa mpimaji wa labo, yaani maabara, katika kiwanda cha shaba hapa Kolwezi, na kuhusu mwili wangu nilijua tu kwamba ulikuwa unaniamsha na kunifikisha kazini. Ninachoweza kukueleza ni kungoja, na kuchoka, na kosa moja nililolifanya kwa akili yangu timamu. Nikiweza kukuzuia usilifanye, nitakuwa nimefaa kitu.

Uvimbe wa kwanza niliupata nikinyoa ndevu, mvua ikipiga mabati. Ulikuwa chini ya taya, mdogo kama haragwe, na haukuuma. Ndugu zake wakafuata shingoni, mpaka kola ya shati ikakataa kufungwa. Kisha likaja jasho. Mujing alikuwa akianika shuka kila asubuhi kana kwamba tuna mtoto mchanga ndani. Mkanda wangu nikautoboa tundu jipya, halafu jingine. Mdogo wangu Kapend, aliyekuwa akiishi nyumba ya nyuma, alinitazama siku moja nikipumzika mara mbili kati ya mlango na choo. Alileta baiskeli yake, akanipakia nyuma kama gunia la makaa, akanisukuma hadi hospitali, matope yakiturukia wote wawili. Nataka ukumbuke hilo unaposoma yatakayofuata kuhusu Kapend.

Walinikata kipande cha tezi wakakipeleka Lubumbashi. Jibu lilichukua wiki tano, likarudi mfukoni mwa dereva wa lori, limekunjwa na lina mafuta. Siku zile kila kitu kilikuwa kinaanguka. Kiwandani mashine zilikuwa zinasimama moja moja, mishahara ilikuja ikitaka, na hospitali ya kampuni, ambayo zamani wagonjwa walitoka hata Dilolo na Lubudi kuifuata, ilikuwa imebaki na vitanda na watu wachache wenye moyo. Daktari alifunga mlango kabla ya kuzungumza, nikajua.

"Tata Nawej, ni kansa ya matezi," alisema. "Lakini ni ile yenye inasikiaka dawa. Dawa iko, lakini juu yako sanduku moja tu njo ilibakia mu depo. Inatosha mara sita. Ikiisha, hakuna ingine."

Mara sita, kila baada ya wiki tatu. Nilihesabu kwa vidole kwenye benchi huku Mujing akinitazama. Ukiwa mgonjwa wa namna hiyo unaacha kujua Jumapili ni lini. Unajua tu wiki ya dawa, wiki ya kutapika na wiki ya kuwa mtu.

Dawa zilikuwa nne, lakini nitakusimulia moja, ile nyekundu. Ni nyekundu kama maji ya maua ya ngai-ngai, yaani rozela, na ukishaipata unakojoa nyekundu, kwa hiyo usiite ukoo mzima chooni kama nilivyofanya mimi. Daktari alinieleza kwa maneno machache: inaingia ndani ya chembe ya ugonjwa, mahali palipoandikwa maagizo ya kuzaana, inajibanza katikati ya maandishi, nayo chembe inashindwa kuyanakili. Inapofika inashika. Kazi yake ni kushika.

Aliyeitia alikuwa Mama Ngalula, nesi mkuu wa wodi yetu, ambayo sisi huiita sali, mwanamke mfupi wa Kikasai mwenye sauti ya mwalimu. Asili yake ni mkoa wa Kasai, ila yeye alizaliwa Kolwezi, akasomea Kolwezi, akazaa watoto wanne Kolwezi. Nalitaja hilo kwa sababu baadaye lilikuja kutakiwa, na mimi niliyelijua sikulisema.

Alikuwa na utaratibu wake, na hakuna aliyeweza kumharakisha. Kwanza alitafuta mshipa mzuri, akaufunga, akaupapasa mpaka akauamini, maana ile nyekundu ikitoka nje ya mshipa inaunguza nyama hadi mfupani. Aliingiza kwanza dawa ya kuzuia kutapika. Kisha aliosha mpira wa kupitishia dawa kwa serumu ya sukari, maji ya dripu, mpaka uwe mweupe kabisa. Ndipo alipoleta nyekundu, akaisukuma polepole, peke yake. Mwisho alisafisha tena. Yote hayo yalichukua asubuhi nzima, na wagonjwa wengine walinung'unika.

"Mama, juu ya nini usiweke byote mu chupa moja?" nilimuuliza siku ya kwanza. "Ni njia moja, ni mwili moja."

"Hii nyekundu inaendaka peke yake," alijibu bila kuinua macho. "Ukiipatia mwenzake mu chupa, inashikana naye palepale, inasahau kazi yenye ilikuyia. Ni kama bwana yangu akikutana na barafiki mu njia. Nyumbani anafika mikono mutupu."

Mujing alicheka, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Mama Ngalula alinikataza pia kahawa nzito asubuhi ya dawa, na mizizi yoyote ambayo mashangazi wangeniletea kutoka kwetu Musumba. Kama ile ya kahawa ilikuwa elimu au ukali wake tu, sijui mpaka leo. Nilitii, kwa sababu baada ya mara mbili nilifunga kola ya shati.

Usiniulize habari za kutapika. Nitasema tu kwamba nilifika mahali nikiona ndoo ya rangi ya kijani, tumbo linainuka. Ulimi ulipasuka. Nywele zilibaki kwenye mto, nyusi nazo zikaenda. Kucha zikawa na mistari. Harufu ya samaki wa kukaushwa, niliyoipenda tangu utoto, ilinifukuza mezani. Lakini vimbe zilikuwa zinanywea, na kila jioni Mujing alizipapasa kwa vidole viwili kama mtu anayechagua mchele, kisha akasema, "Inapunguka." Neno hilo moja lilitosha kulalia.

Mara ya tatu iliangukia wiki ile watu walipoanza kufukuzwa.

Wakubwa walikuwa wamesema redioni na mikutanoni kwamba Wakasai warudi kwao. Waliitwa wadudu. Kulikuwa na vijana wenye vitambaa vichwani waliopita nyumba kwa nyumba, na Kapend alikuwa mmoja wao. Alikuwa hajapewa kazi ya kudumu kiwandani kwa miaka sita, na mtu alikuwa amemwambia kazi yake iko mikononi mwa nani. Mtu aliyechoka kungoja huamini haraka. Namtetea, naona. Ni mdogo wangu.

Waliingia sali yetu asubuhi, wanane hivi, na Kapend mlangoni. Mama Ngalula alikuwa amemaliza kuniosha mpira, ile nyekundu imekwisha kuingia, sindano bado iko mkononi mwangu. Walimwambia aache kazi, atoke, aende stesheni na wenzake. Hakupiga kelele. Aligeuka akatazama vitanda vyote kumi na viwili, kimoja kimoja.

"Mi natunza bagonjwa hapa tangu miaka kumi na saba," alisema. "Hakuna mutu wa kusema neno?"

Kitanda changu kilikuwa cha pili kutoka mlangoni. Ningeinua kichwa, ningesema, "Kapend, mwache, huyu ndiye ananiponya," nadhani angesikia, kwa sababu ni mimi niliyemlea baba alipokufa. Badala yake nilifunga macho. Nilijifanya nimelala usingizi wa dawa, mdomo wazi kidogo ili ipendeze. Nilisikia mikono yake ikichomoa sindano yangu kwa utaratibu ule ule, ikibonyeza pamba, ikinikunja kiwiko. Halafu nikasikia viatu vyake vikiondoka.

Jioni Kapend alileta godoro la sponji nyumbani. "Yaya, mukubwa wangu, mifupa yako inakuuma," alisema. "Lalia hii." Sikuuliza ni la nani. Mujing aliliinua, akalinusa, akalisimamisha ukutani.

"Iko na kojo ya mutoto," alisema. "Mutoto wa bantu benye kufukuzwa alikuwa analala hapa hata jana."

Alilala chini kwenye mkeka tangu siku hiyo. Mimi nililalia lile godoro. Mifupa ilikuwa inaniuma kweli, nami nilikuwa nimechoka kuliko nilivyokuwa na haya. Ndani ya nyumba tukawa tunaongea mambo ya uji na mambo ya ndoo, basi.

Sasa nafika kwenye kosa, na hapa nakuomba usome taratibu.

Mara ya nne nilimkuta Odile, nesi kijana aliyekuwa akimsaidia Mama Ngalula kufunga vidonda. Sali nzima sasa ilikuwa yake. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa kulala. Mpira ulikuwa mmoja, chupa ya serumu moja, na wagonjwa wengine wawili walikuwa wakiungoja mpira huo huo.

"Tata, nitaanza na ile ya kuzuia kutapika," alisema. "Ikiisha nitaosha, kisha nyekundu. Itakupeleka mpaka mangaribi."

Mimi nilikuwa nimefika saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa nimechoka na benchi, nimechoka na ukuta uliokuwa mbele ya benchi. Tena kiwandani tulikuwa tumezoea: dawa za labo zikipunguka, unaunganisha, karatasi ya kuchujia inatumika mara tatu, vipimo viwili unavifanya katika glasi moja na kuandika namba inayofanana na ukweli. Tuliona ni ujuzi. Tuliusifia.

"Changanya," nilimwambia. "Weka byote mu chupa moja."

"Mama Ngalula alikuwa anakatazaka."

"Mama Ngalula haiko tena. Mi niko mutu wa labo, mutoto wangu. Miaka makumi mbili niko nachanganya. Weka."

Aliweka, kwa sababu mimi ni mzee na yeye alikuwa amechoka. Ile ya kutapika ilikuwa nyeupe kama maji. Aliingiza nyekundu juu yake, na rangi ikageuka mbele ya macho yetu. Ule wekundu safi ukaingia zambarau, kisha ukafifia kama maji yaliyotiwa moshi. Baada ya dakika chache niliona vichembe vyeusi vinashuka polepole kukaa chini ya chupa.

Labo yetu ilikuwa na kazi moja kubwa. Maji ya shaba yanakuja ya buluu, mazuri, na shaba imo ndani, huioni. Ukitia chokaa, shaba inashikana na chokaa, maji yanachafuka, shaba inashuka chini. Yanayobaki juu ni maji matupu. Ukiyapeleka kwenye matangi ya umeme yanayotoa shaba, utakaa mpaka uzeeke. Nilikuwa nimewaeleza hilo vibarua wapya mara mia. Kitu kikishuka, kimeshashikwa. Hakitafanya tena kazi nyingine.

Kwa hiyo nilijua. Sikudanganywa na mtu.

"Tata, inageuka," Odile alisema. "Nitoe?"

"Acha. Itayeyuka."

Nilisema hivyo kwa sababu sanduku lilikuwa na sita na hiyo ilikuwa ya nne, na nikimwaga, nani atanipa nyingine? Na kwa sababu ni mimi niliyesema ichanganywe. Nililala nikaitazama ikidondoka, chafu, tone kwa tone, kisha nikafunga macho. Nilikuwa nimekuwa hodari wa kufunga macho. Baridi ilinitikisa kitandani kwa saa nzima. Odile alinifunika blanketi mbili huku akilia kimya kimya.

Na cha ajabu, sikutapika. Kesho yake nilikula bukari na sombe, ugali na kisamvu. Keshokutwa nilikula tena. Majirani walikuja kutazama, wakamshukuru Mungu uani kwetu. Mwisho wa wiki ya tatu Mujing alinipitishia kiganja kichwani, akasimama.

"Nywele!" alisema. "Baba, nywele zinaota!"

Alifurahi hata akasahau godoro, akaketi karibu nami. Na mimi nilihisi vile vijinywele vinakwaruza kiganja chake. Ile nyekundu iliyoingia kweli haiachi nywele ziote. Kama nywele zimepata nafasi, na zile chembe za ugonjwa zimepata. Nilipeleka mkono shingoni. Haragwe lilikuwa pale pale lilipoanzia.

Nilimweleza Mujing kila kitu jioni hiyo, jambo la chupa na la kufunga macho mara zote mbili. Hakunigombeza. Alikaa akivunja vijiti vya kuwashia moto, kimoja kimoja, mpaka vikaisha.

"Kesho tunaenda stesheni," alisema. "Mama Ngalula angali kule, anangoya treni."

"Kumuomba nini?"

"Mi siwezi kujua. Weye njo utaomba."

Mvua zilikuwa zimekwisha, upepo wa baridi umeanza kuleta vumbi la migodini. Kutoka kwetu hadi stesheni ni mwendo wa nusu saa kwa mtu mzima. Sisi tulipumzika mara nne. Sijaona chumba cha kungojea kama kile. Familia zilikuwa zimejipanga kando ya reli mbali kuliko jicho linavyofika: sufuria, masanduku ya bati, vitanda vilivyofunguliwa, mashine za kushonea, mikeka chini ya mashuka yaliyotundikwa kwa kamba. Watoto walikuwa wanakohoa. Wengine walikuwa na wiki tano pale. Treni ilikuja ikitaka, haikutoa habari. Nilizoea kujihurumia kwa benchi langu la hospitali. Siku hiyo niliona haya kwa hilo benchi.

Mama Ngalula alikuwa ameketi juu ya sanduku, anamfunga mtu kidonda cha mguu. Mumewe na watoto walikuwa nyuma yake. Alikuwa amekonda. Alimaliza kufunga, akaniambia kama aliyeniacha jana:

"Tata Nawej. Nywele zimeota. Juu ya nini nywele zimeota?"

Hata salamu hakuniachia nafasi. Nilimwambia.

"Nani alisema bachanganye?"

"Ni mi."

"Weye wa labo!" Alisimama. "Mutoto Odile hajui, lakini weye! Uliiona inashuka?"

"Niliiona."

"Na ukaacha."

"Nikaacha."

Mumewe alisema kitu kwa Kiluba cha Kasai, yeye akamnyamazisha kwa mkono. Halafu alisema kwa sauti ya chini, ile ambayo nesi hutumia karibu na kitanda:

"Siku ile baliniondoa, haukukuwa unalala. Mi natazama bantu benye kulala kila siku ya Mungu. Mutu akilala, pumuzi yake inakuwa ingine. Weye ulifunga macho tu."

Machozi yalinitoka mbele ya watoto wake. Nilimwambia kwamba nilikuwa mwoga, kwamba mdogo wangu alikuwa mlangoni, kwamba nilitaka kuishi. Nilisikia mwenyewe jinsi hayo yote yanavyosikika mahali kama pale. Mujing alikuwa ameweka chini sufuria ya maharage tuliyowaletea, na yeye hakunisaidia.

Mama Ngalula aliuliza:

"Odile anachanganyia na benye kubakia?"

"Anafikiri ni sawa. Nilimwambia ni sawa."

"Bon, basi." Alifungua sanduku, akatoa kanzu yake nyeupe ya unesi, akaikung'uta vumbi. "Siendi juu yako weye. Kule sali kuko bantu kumi na moja."

Dawa ya tano iliangukia siku ile ile. Mujing alikuwa amehesabu vizuri kuliko nilivyodhani. Tulirudi watatu, mimi katikati, wanawake wakinishika. Kwenye geti la hospitali walikuwepo wale vijana wenye vitambaa, na Kapend alikuwa amekalia baiskeli yake. Mmoja alinyoosha fimbo kumzuia Mama Ngalula. Nilivua kofia. Sijui kwa nini nilivua. Pengine nilitaka waone kichwa, na shingo.

"Huyu ni infirmière, nesi wangu," nilisema. "Kapend, unanisikia? Bachupa sita njo zilibakia mu dunia yote juu yangu. Moja nimeharibisha. Anakuya kunichoma sindano ya tano. Ukimurudisha, unirudishe na mi. Chukua baiskeli yako, unipeleke nikafie nyumbani, kwa lile godoro lako."

Kapend alitazama shingo yangu, ule uvimbe uliorudi. Alikuwa akifikiri kwamba ninapona. Kila mtu alifikiri hivyo. Alimshika mwenye fimbo mkono, akaushusha.

"Pita, yaya," alisema. Kisha, bila kumtazama, "Pita, mama."

Odile alipomwona aliangusha bakuli. Mama Ngalula hakumkumbatia wala kumkaripia. Alinawa mikono, akamwambia asimame karibu na kusema kila hatua kwa sauti. Dawa ya kuzuia kutapika. Serumu ya sukari. Ngoja. Tazama mpira uwe mweupe. Tazama tena. Kisha alichukua kidogo ile nyekundu iliyokuwa imebaki shingoni mwa kichupa, akaidondoshea ile ya kutapika katika kisahani, ili Odile aione ikigeuka na kushuka.

"Umeona? Hii imekwisha kufa. Mugonjwa anapata sumu na hapati dawa."

Alikuwa amesukuma kama nusu ya nyekundu tuliposikia honi ya treni upande wa stesheni. Sali nzima iliisikia. Odile aliweka mkono mdomoni.

"Mama, treni!"

"Nimesikia."

Kidole chake hakikuongeza mwendo. Nilimwambia aache, Odile atamalizia. Nilikuwa naomba kweli. Watoto wake wanne walikuwa kule juu ya masanduku. Honi ilipiga tena. Nikahisi macho yangu yanataka kujifunga, kwa mazoea.

"Usifunge macho," alisema Mama Ngalula. "Tazama mpira. Ikibadilika rangi, sema. Ikikuunguza, sema. Mugonjwa mwenye anafunga macho hanisaidie kitu."

Nilitazama. Nilitazama ule wekundu safi ukipita taratibu na kuingia mkononi mwangu, na uso wake juu ya mkono wangu, jasho likimtiririka puani bila yeye kulifuta. Alimaliza. Alisafisha mpira mpaka ukawa mweupe. Alichomoa, akabonyeza pamba, akanikunja kiwiko. Ndipo alipokimbia.

Niliburuta miguu hadi dirishani. Kapend alikuwa bado getini. Niliona akimsimamisha, nikapiga kelele ambayo hakuisikia. Lakini alikuwa anampakia kwenye baiskeli, nyuma, pale pale aliponipakia mimi, na akaondoka mbio kuelekea reli, kanzu nyeupe ikipeperuka. Alimfikisha. Kapend mwenyewe aliniambia kwamba mume wa Mama Ngalula alimvuta ndani kwa mikono yote miwili treni ikiwa inatembea. Kwa hiyo mdogo wangu alimfukuza, kisha akamkimbiza asikose treni ya kumfukuzia, na miaka yote hii sijaamua niliite hilo jina gani. Yeye hapendi kuongea habari hizo. Lile godoro alilichukua kesho yake, akalipeleka stesheni, akamwachia mama mmoja aliyekuwa na pacha. Hakutuambia, Mujing ndiye aliyemwona.

Nilitapika siku tatu. Nywele zikaanguka tena, na Mujing akazifagia akiimba. Dawa ya sita aliitia Odile, akitaja kila hatua kwa sauti, nyekundu peke yake. Nilitazama mpira mwanzo hadi mwisho. Kiangazi kilipokwisha shingo yangu ilikuwa laini. Daktari alisema nimebahatika, kwamba tano kwa wengine hazingetosha. Nami naujua urefu wa bahati hiyo: ulikuwa kama robo saa, honi ikilia.

Kasai ni mbali na barua hazifiki. Niliuliza kwa madereva, kwa wafanyabiashara, kwa padri mmoja aliyepita. Wengi walikufa njiani katika mabehewa yale, hilo tulilisikia wote. Habari zake sijapata. Odile sasa ndiye nesi mkuu, na anasema "nyekundu inaendaka peke yake" kwa sauti ile ile ya mwalimu.

Wewe wa kwenye benchi, hayo tu. Usimharakishe anayekutibu, hata kama umechoka na ukuta. Usijifanye mjuzi kwa sababu unajua kazi nyingine. Kitu kikigeuka rangi, sema, hata kama ni wewe uliyekiharibu, hata kama ndicho cha mwisho.

Mimi bado nakwenda kupimwa damu mwanzo wa kila mvua. Wauguzi wapya ni watoto wazuri. Wakiona mzee mwenye mvi laini ananyoosha mkono, huniambia kwa upole nigeuze uso, nifunge macho, itakwisha sasa hivi. Huwa nawashukuru. Kisha nawaambia kwamba mimi sifungi.